Mzunguko Usio na Mkato: Somo Katika Nadharia ya Grafu

Katika maktaba ya shule moja kilipotea kitabu cha marejeo siku ya Jumamosi. Waliofika maktabani siku hiyo walikuwa wanafunzi watano tu: Asha, Bakari, Chiku, Daudi na Eliza. Kila mmoja aliingia mara moja, akakaa kwa muda wake, akatoka asirudi tena. Hakuna aliyekumbuka saa aliyoingia wala saa aliyotoka. Mkutubi aliwauliza swali moja: uliwaona akina nani ndani ya chumba? Asha alisema alimwona Bakari. Bakari alisema aliwaona Asha na Chiku. Chiku alisema aliwaona Bakari na Eliza. Daudi alisema aliwaona Asha na Chiku. Eliza alisema aliwaona Asha na Bakari.

Chumba ni kidogo, na tunajua kwamba wawili wowote waliokuwamo kwa wakati mmoja, angalau mmoja wao alimwona mwenziwe na amemtaja. Tunajua pia kwamba mmoja wa hao watano, na mmoja tu, amesema uongo, na kwamba uongo wake ni wa kuongeza: amedai kumwona mtu ambaye hakuwa naye chumbani. Je, mwongo ni nani?

Tunamwomba msomaji aweke gazeti chini kwa dakika chache na kujaribu mwenyewe. Fumbo hili tumelitunga kwa ajili ya somo letu, lakini ukoo wake ni maarufu. Claude Berge, mwanahisabati wa Ufaransa aliyefariki mwaka 2002, alipenda sana mafumbo ya namna hii, na mwaka 1994 alichapisha hadithi fupi ya upelelezi ambamo muuaji wa mtukufu mmoja anagunduliwa kwa kanuni ya hisabati. Kanuni hiyo, na nyingine zilizo jirani nayo, ndizo tunazokusudia kuzieleza hapa.

Hatua ya kwanza ni kuchora. Weka nukta tano katika karatasi, moja kwa kila mwanafunzi, uziite A, B, C, D na E. Nukta hizi huitwa vipeo. Kisha unganisha kwa mstari kila vipeo viwili ambavyo wenyewe wanadaiwa kuonana. Utapata mistari saba: AB, BC, CE, EA, EB, DA na DC. Mchoro wa vipeo na mistari ya namna hii ndio unaoitwa grafu. Haidhuru mistari ikiwa mirefu au mifupi, imenyooka au imepinda. Kinachohesabiwa ni nani ameunganishwa na nani. Vipeo viwili vilivyounganishwa kwa mstari tutaviita majirani.

Sasa tazama vipeo vinne A, B, C na D. Mistari AB, BC, CD na DA inafanya mzunguko: ukianza kwa Asha, unapita kwa Bakari, kwa Chiku, kwa Daudi, na kurudi kwa Asha. Asha na Chiku hawakuunganishwa, wala Bakari na Daudi hawakuunganishwa. Je, jambo hili lawezekana?

Asha na Chiku hawakuwa chumbani pamoja. Basi mmoja wao alikwisha kutoka kabla ya mwingine kuingia. Tuseme ni Asha aliyetangulia. Kama ni Chiku, hoja ni ile ile kwa kubadilisha majina. Bakari alikuwa na Asha, na baadaye alikuwa na Chiku. Kwa kuwa aliingia mara moja tu na kutoka mara moja tu, ni lazima alikuwamo kwa muda wote uliopita kati ya kutoka kwa Asha na kuingia kwa Chiku. Daudi naye, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na Asha na pia na Chiku. Kwa hiyo naye alikuwamo katika muda huo huo. Basi Bakari na Daudi walikuwa chumbani pamoja, na angalau mmoja wao angemtaja mwenziwe. Hakuna aliyemtaja. Kwa hiyo mmojawapo wa mistari minne ya mzunguko huo si wa kweli.

Mstari AB umeshuhudiwa na wawili, Asha na Bakari. Mwongo ni mmoja, hivyo mstari huo ni wa kweli. Mstari BC umeshuhudiwa na Bakari na Chiku, nao ni wa kweli. Inabaki mistari CD na DA, na yote miwili inategemea neno la Daudi peke yake. Daudi ndiye mwongo. Maelezo ya wale wanne waliobaki yanapatana bila shida: Bakari na Eliza walikuwamo kwa muda mrefu, na katika muda wao Asha alitoka na Chiku akaingia. (Au kinyume chake. Grafu haiwezi kutuambia wakati ulikwenda upande gani.) Kama Daudi ndiye aliyekichukua kitabu ni swali jingine kabisa, na hisabati hailijibu.

Mstari ambao ungeuokoa mzunguko ule ni AC au BD, yaani mstari unaokatiza ndani ya mzunguko na kuunganisha vipeo viwili visivyofuatana. Mstari wa namna hiyo tutauita mkato. Mzunguko wa vipeo vitatu hauwezi kuwa na mkato, kwa sababu kila kipeo kinafuatana na vingine vyote. Kuanzia vipeo vinne na kuendelea, mkato unaweza kuwapo au kukosekana. Grafu ambayo kila mzunguko wake wa vipeo vinne au zaidi una angalau mkato mmoja tutaiita grafu ya mikato.

Seremala anaielewa habari hii kwa mikono yake. Akipiga mbao nne kwa msumari mmoja mmoja penye pembe ili kutengeneza fremu ya lango, fremu ile huyumba na kulala upande. Akipigilia ubao wa tano kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, lango hutulia, kwa sababu sasa limegawanyika katika pembetatu mbili, na pembetatu haiyumbi. Gabriel Dirac, aliyeziandikia grafu hizi makala muhimu mwaka 1961, alizipa jina linalotokana na fikira hiyo: grafu za mizunguko isiyoyumba. (Huyu si yule Paul Dirac mwanafizikia, alikuwa mtoto wake wa kambo.)

Tumeonyesha kwamba watu wanaoingia na kutoka mara moja hawawezi kufanya mzunguko wa wanne usio na mkato. Vipi mzunguko wa watano, au wa ishirini? Hapa uthibitisho ni mfupi kuliko ule wa kwanza. Katika mzunguko wowote wa watu wanne au zaidi, mtafute yule aliyetoka chumbani kabla ya wenziwe wote wa mzunguko huo. Majirani zake wawili katika mzunguko walikutana naye, kwa hiyo waliingia kabla hajatoka. Nao walitoka baada yake. Basi wakati anapofunga mlango nyuma yake, wote wawili wako ndani. Walionana, na mstari unaowaunganisha ni mkato. Hoja imekwisha.

Grafu inayopatikana kutokana na vipindi vya wakati, au vipande vya mstari mmoja ulionyooka, ambapo vipeo viwili ni majirani endapo vipindi vyao vinapishana, huitwa grafu ya vipindi. Tuliyoyathibitisha ni kwamba kila grafu ya vipindi ni grafu ya mikato. Kwa maneno mengine, mzunguko mmoja tu usio na mkato unatosha kuonyesha kwamba vitu tulivyo navyo si vipande vya mstari mmoja.

Ubainifu huo ulikuja kuhitajiwa katika jambo lililo kubwa kuliko kitabu kilichopotea. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza muundo wa DNA, nao ni uzi mrefu wenye nyuzi mbili zilizosokotana. Ilikwisha kujulikana kwamba jeni zimepangwa katika mstari kama shanga. Lakini je, ndani ya jeni moja sehemu zake nazo zimepangwa katika mstari ule ule, au kuna matawi? Hapakuwa na darubini ya kulionyesha jambo hilo. Seymour Benzer, wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alilishughulikia kwa kutumia virusi vinavyoshambulia bakteria, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1959.

Benzer alikuwa na aina nyingi za virusi vilivyoharibika, kila aina ikiwa imepungukiwa na kipande fulani cha sehemu moja ya jeni zake. Virusi hivyo haviwezi kukua katika aina fulani ya bakteria ambamo virusi vizima hukua vizuri. Sasa bakteria mmoja akiambukizwa na aina mbili zilizoharibika kwa pamoja, aina hizo zaweza kubadilishana vipande. Ikiwa kipande kinachokosekana katika aina ya kwanza kimo katika aina ya pili, na kinachokosekana katika ya pili kimo katika ya kwanza, basi mara chache virusi vizima vitatokea, na uzao wao utaonekana. Lakini ikiwa vipande viwili vilivyokosekana vinapishana, ile sehemu ya mapishano haimo katika upande wowote, na virusi vizima havitatokea kamwe. Kwa hiyo kila jaribio lilitoa jibu moja kati ya mawili: vipande hivi vinapishana, au havipishani.

Msomaji anaona kwamba Benzer alikuwa mahali pale pale alipokuwa mkutubi wetu. Hakujua kipande kinaanzia wapi wala kinaishia wapi. Alijua tu nani amekutana na nani. Kwa lugha yetu, alikuwa na grafu, naye aliuliza kama grafu hiyo ni ya vipindi. Laiti angepata aina nne zinazofanya mzunguko usio na mkato, dhana ya mstari ingeanguka siku hiyo hiyo. Hakuzipata. Matokeo yote yaliweza kupangwa kama vipande vya mstari mmoja.

Hata hivyo, yafaa tuulize swali la kinyume, maana wanafunzi wengi huteleza hapa. Kila grafu ya vipindi ni grafu ya mikato. Je, kila grafu ya mikato ni ya vipindi? La. Chora kipeo kimoja katikati, toa humo miguu mitatu, na kila mguu uwe na vipeo viwili, kimoja baada ya kingine. Utakuwa na vipeo saba na mistari sita. Grafu hii haina mzunguko wowote, kwa hiyo hakuna mzunguko unaokosa mkato, nayo ni grafu ya mikato bila ubishi. Lakini jaribu kuipanga katika wakati. Watu watatu wa ncha za miguu hawakukutana hata kidogo, kwa hiyo wamepangika mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao yuko kati. Kutoka kwa wa kwanza hadi kwa wa tatu kuna mlolongo wa watu waliokutana, kila mmoja na anayemfuata, na hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyekutana na yule wa kati. Nani basi alikuwamo chumbani wakati wa yule wa kati? Mlolongo hauwezi kuruka muda huo; ni lazima mtu wa mlolongo awemo. Haiwezekani.

Swali la kuzitambua grafu za vipindi lilikuwa limeulizwa na György Hajós wa Hungaria mwaka 1957. Jibu kamili lilitolewa mwaka 1962 na Lekkerkerker na Boland wa Uholanzi: grafu ni ya vipindi endapo ni grafu ya mikato na haina vipeo vitatu vilivyo kama zile ncha tatu, yaani vitatu ambavyo kati ya kila viwili kuna njia isiyomgusa wa tatu wala majirani zake.

Kisha, mwaka 1974, lilikuja jibu linalonipendeza kuliko yote. Fanica Gavril na Peter Buneman, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba grafu za mikato ndizo hasa zinazopatikana kutokana na vipande vya mti. Fikiria mto pamoja na vijito vyake vyote, usio na mahali ambapo maji yanagawanyika na kukutana tena. Kila aina ya samaki ikae katika sehemu moja ya mto isiyokatika, ambayo yaweza kuingia katika vijito kadhaa. Unganisha aina mbili za samaki ikiwa makao yao yanapishana. Grafu utakayoipata ni ya mikato daima, na kila grafu ya mikato yaweza kupatikana kwa mto fulani wa namna hiyo. Ile grafu yetu ya miguu mitatu haikuingia katika mstari, lakini katika mto wenye vijito vitatu inaingia bila taabu. Hivyo mkato una maana ya umbo: ukiwapo katika kila mzunguko, kitu kilichofichika chaweza kuwa na matawi bila kuhitaji pete, na ncha tatu zikikosekana pia, hata matawi hayahitajiki.

Turudi kwa yule anayetoka chumbani kwanza, kwa sababu ana siri nyingine. Wote aliokutana naye walikuwamo ndani alipotoka, kwa hiyo wote walikutana wao kwa wao. Kipeo ambacho majirani zake wote ni majirani wao kwa wao tukiite kipeo chepesi. Dirac alithibitisha kwamba kila grafu ya mikato ina kipeo chepesi, hata kama haitokani na wakati wowote wala chumba chochote. Uthibitisho wake unafaa kusomwa polepole, kalamu mkononi.

Tuchukue grafu ya mikato iliyoungana, yenye vipeo viwili a na b visivyo majirani. Tutafute seti ya vipeo ambayo ikiondolewa, a na b hutengana kabisa. Na katika seti zote za namna hiyo tuchague moja, S, ambayo hakuna kipeo chake kinachoweza kuachwa. Baada ya kuiondoa S, grafu ina upande wa a na upande wa b. Chukua vipeo viwili vyovyote x na y ndani ya S. Maadamu hakuna kilicho cha bure katika S, kila kimoja kinagusa upande wa a na upande wa b. Basi kuna njia kutoka x hadi y inayopita upande wa a. Tuchague iliyo fupi kuliko zote. Kuna njia nyingine kama hiyo upande wa b. Zikiunganishwa, njia hizi mbili zinafanya mzunguko wa vipeo vinne au zaidi, na mzunguko huo hauna budi kuwa na mkato. Mkato hauwezi kuwa ndani ya njia moja, kwa sababu ungeifupisha, nasi tulichagua iliyo fupi kabisa. Hauwezi kutoka upande wa a kwenda upande wa b, kwa sababu S imezitenga pande hizo. Umebaki mstari mmoja tu unaowezekana, nao ni xy. Kwa hiyo vipeo vyote vya S ni majirani wao kwa wao.

Sasa tazama upande wa a pamoja na S. Hii ni grafu ya mikato iliyo ndogo kuliko ile ya kwanza. Tuseme kwa grafu ndogo tumekwisha kuthibitisha kwamba ama vipeo vyote ni majirani wao kwa wao, ama kuna vipeo vyepesi viwili visivyo majirani. Kwa vyovyote vile, kuna kipeo chepesi kilicho nje ya S, kwa kuwa viwili visivyo majirani haviwezi kuwa ndani ya S vyote. Majirani wa kipeo hicho hawavuki kwenda upande wa b, hivyo ni chepesi katika grafu nzima pia. Upande wa b unatoa kingine. Ndipo tunapata zaidi ya tulichotafuta: grafu ya mikato ambayo vipeo vyake si majirani wote ina vipeo vyepesi viwili visivyo majirani.

Ukikiondoa kipeo chepesi, grafu inayobaki bado ni ya mikato, nayo ina kipeo chepesi chake. Unakiondoa hicho, na kingine, hadi karatasi inakuwa tupu. Fulkerson na Gross walionyesha mwaka 1965 kwamba utaratibu huu unazitambulisha grafu za mikato kikamilifu: grafu ni ya mikato endapo yaweza kumalizwa kwa kuondoa vipeo vyepesi, kimoja kimoja.

Neno hili kuondoa si geni kwa mwanafunzi wa sekondari. Hivyo ndivyo anavyotatua milinganyo yenye vigeu vingi. Tuchukue milinganyo hii minne:

4p + q + s = 10
p + 4q + r = 12
q + 4r + s = 18
p + r + 4s = 20

Chora kipeo kwa kila kigeu, na unganisha vigeu viwili ikiwa kimoja kimo katika mlinganyo wa mwenziwe. Utapata p, q, r na s katika mzunguko usio na mkato. Sasa ondoa p. Zidisha mlinganyo wa pili kwa 4, toa wa kwanza, na utapata 15q + 4r − s = 38. Fanya vivyo hivyo kwa wa nne, upate −q + 4r + 15s = 70. Tazama kilichotokea: s imeingia katika mlinganyo wa q, ambamo haikuwamo, na q imeingia katika mlinganyo wa s. Mstari mpya qs umezaliwa, nao ni mkato hasa wa mzunguko ule. (Jibu ni p = 1, q = 2, r = 3, s = 4; msomaji ahakikishe.)

Kila unapoondoa kigeu, majirani zake wote wanaunganishwa wao kwa wao. Kikiwa kipeo chepesi, wamekwisha kuungana, na hakuna kipya kinachozaliwa. Kisipokuwa chepesi, kazi inaongezeka. Kwa vigeu vinne ongezeko ni dogo. Lakini chukua vigeu kumi, kimoja kikiwa katikati na kuunganishwa na tisa vilivyobaki, ambavyo havijaunganishwa wao kwa wao. Ukianza kuondoa kile cha katikati, kila mmoja wa milinganyo tisa iliyobaki utajaa vigeu vyote tisa: namba 81 za kufanyia kazi. Ukianza na vile tisa na kuacha cha katikati mwisho, hakuna hata namba moja mpya inayoongezeka. Milinganyo ni ile ile na jibu ni lile lile. Tofauti ni utaratibu tu. Wahandisi wanaokokotoa nguvu katika daraja, au umeme katika gridi, hukutana na milinganyo maelfu kwa maelfu ambayo kila mmoja una vigeu vichache, na kwao kuchagua utaratibu mbaya ni kupoteza saa nyingi za kompyuta. Seymour Parter aliitazama kazi hii kwa njia ya grafu mwaka 1961, na mwaka 1970 Donald Rose akaonyesha jinsi inavyofungamana na grafu za mikato.

Kama grafu ya milinganyo si ya mikato, hatuna budi kuiongezea mistari mpaka iwe. Ni mistari mingapi iliyo michache kabisa? Hapa hisabati inagonga mwamba. Mihalis Yannakakis alithibitisha mwaka 1981 kwamba swali hili limo katika lile kundi la maswali magumu ambayo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kuyajibu kwa hakika katika grafu zote. Kompyuta hutumia kanuni za kukisia vizuri.

Kutambua kama grafu tuliyo nayo ni ya mikato, kinyume chake, ni rahisi, na njia iliyochapishwa na Tarjan pamoja na Yannakakis mwaka 1984 yafaa kufanywa ubaoni darasani. Chagua kipeo chochote na ukipe namba 1. Kisha kila mara chagua kipeo ambacho kina majirani wengi kuliko vingine miongoni mwa waliokwisha kupewa namba, ukipe namba inayofuata. Wakilingana, chagua upendavyo. Mwishowe, kwa kila kipeo, angalia majirani zake wenye namba ndogo kuliko yake: je, wameungana wao kwa wao? Wakiwa wameungana kwa kila kipeo, grafu ni ya mikato, na utaratibu wa kuondoa ni namba hizo kwa kurudi nyuma. Kipeo kimoja kikishindwa, grafu si ya mikato.

Jaribu katika fumbo letu. Mpe Asha 1, Bakari 2. Eliza ana majirani wawili wenye namba, apewe 3. Chiku ana Bakari na Eliza, apewe 4, nao hao wawili wameungana. Daudi anapata 5. Majirani zake wa nyuma ni Asha na Chiku, na hawakuungana. Njia imemnasa Daudi. Lakini mwalimu awatahadharishe wanafunzi: ukianza na Daudi, kisha Asha, kisha Chiku, atakayeshindwa ni Bakari, ambaye hana kosa. Njia inatuambia kwamba pana kasoro. Nani aliyeileta ni lazima tumtafute kwa ushahidi, kama tulivyofanya mwanzoni.

Namba hizo hizo zina kazi nyingine. Tuseme tunataka kugawa viti ili wawili waliokutana wasitumie kiti kimoja. Katika grafu ya mikato, wape viti kwa kufuata namba, kila mmoja akichukua kiti cha kwanza kisichotumiwa na majirani zake wa nyuma. Kwa kuwa majirani hao wameungana wao kwa wao, idadi ya viti haitazidi kamwe ukubwa wa kundi kubwa kabisa la watu waliokutana wote kwa wote. Katika mzunguko wa watano usio na mkato, kundi kubwa kabisa ni la wawili, lakini viti viwili havitoshi, vinatakiwa vitatu.

Tunaacha mazoezi matatu. La kwanza: mzunguko wa vipeo sita unahitaji mikato mingapi, kwa uchache, ili uwe grafu ya mikato? Jaribu pia saba na nane, kisha uandike kanuni. La pili: katika fumbo la maktaba, badili jibu la Eliza, awe amemwona Asha peke yake. Chora upya, na uonyeshe kwamba hata ukimwondoa Daudi, maneno ya wanne waliobaki hayawezi kuwa ya kweli yote. La tatu: walinzi wanne wa ghala hufanya kazi kwa zamu zisizobadilika, siku zote. Wa kwanza yuko kazini saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, wa pili saa 6 mchana hadi saa 1 usiku, wa tatu saa 12 jioni hadi saa 7 usiku, na wa nne saa 6 usiku hadi saa 1 asubuhi. Chora grafu ya walinzi wanaokutana kazini. Utaona ni mzunguko wa wanne usio na mkato, na hakuna aliyesema uongo. Ni sentensi ipi katika uthibitisho wetu wa yule anayetoka kwanza isiyofaa kwa walinzi hawa?